Barua ya wazi kwa wakuu wa Kapu: mmetuletea mafundi wasiotengenezeka

Kwenu wakuu mnaoendesha chombo cha mizigo cha angani, kile ambacho huku kwetu watu wamekipachika jina la Kapu. Kwenu mnaopanga safari zake na mnaopakia shehena zake. Na hasa kwako wewe unayesaini orodha ya mizigo bila kuuliza anayepokea ni nani.

Shikamooni. Kwa wale wa rika langu, habari za kazi.

Naandika kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni fundi wa injini za boti. Sina cheo cha chama wala cha serikali, ila wenye maboti, wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa wameniomba niandike mimi, kwa sababu barua zilizopita zilipelekwa kwa kufuata ngazi na zote zikajibiwa na mashine kwamba ombi letu limepokelewa. Safari hii nimeona ipite mbele za watu, na wao waone kama nayo itapokelewa vilevile.

Kwanza, hatukuomba roboti. Tuliomba vipuri. Orodha yetu ilikuwa ukurasa mmoja: sili, beringi, gasketi, nozo za injini za dizeli, pangaboi za ukubwa tofauti, na madebe ya grisi. Kapu lilipofunguliwa mlango pale mchangani, zikatoka roboti kumi na mbili za matengenezo, kila moja ina kimo cha beberu la mbuzi, miguu minne, mikono miwili na jicho la kijani kifuani. Kwenye hati mkaandika kwamba haja yetu ya vipuri "imetatuliwa kutoka kwenye chanzo". Nadhani aliyeandika alifikiri fundi akishapatikana, spea hazihitajiki tena. Huyo hajawahi kukaa gereji hata asubuhi moja.

Sitaki kuzinyima sifa zake. Roboti mojawapo ilizama chini ya boti na kubadilisha pangaboi iliyopinda huku boti likiwa linaelea. Sisi kazi hiyo huifanya kwa kulivuta boti mchangani juu ya magogo, vijana wakiimba na mwenye boti akihesabu pesa za chai. Nyingine ilisikia beringi inayotaka kufa ndani ya injini ambayo mwenyewe niliisikiliza nikaona iko salama. Kwa hiyo msiseme Kigoma tunaogopa mashine. Tunachoogopa ni fundi asiyeulizwa wala asiyeuliza.

Chukueni habari ya boti la mjomba wangu, linalobeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kusini. Ni boti la mbao, na boti la mbao lina tabia zake. Likikaa juani mbao husinyaa, mianya ikafunguka kati ya ubao na ubao. Likirudi ziwani mbao hunywa maji, zinatanuka, zinaibana kalafati hadi maji yanakosa pa kupenya. Ndiyo sababu kalafati huwa laini: ni pamba iliyolowekwa mafuta ya mawese, ikashindiliwa kwa patasi butu na nyundo, taratibu, na mtu mwenye sikio, maana nyundo hubadilisha mlio mwanya unapojaa. Wazee wa Ujiji na Katonga wanaijua kazi hiyo hata macho yakiwa yamefifia.

Roboti zenu zilipoipiga picha ile pamba ziliiandika kuwa ni uchafu kwenye maungio. Usiku mmoja ziliing'oa yote. Badala yake zikajaza gundi yenu, ile inayoganda ikawa ngumu kuliko ubao wenyewe. Asubuhi boti lilikuwa linang'aa, mjomba akafurahi, akatoa na soda. Likashushwa majini. Mbao zikaanza kunywa maji na kutanuka kama zilivyozoea, zikakuta hakuna nafasi ya kutanukia. Kabla ya adhuhuri mbao mbili karibu na mkuku zilikuwa zimepasuka, na boti limekaa chini kwenye maji ya kiunoni, magunia ya chumvi ya Uvinza yakiyeyukia ziwani mbele ya mwenye mzigo. Roboti ikaandika taarifa yake: "Kazi imekamilika. Kasoro: hakuna." Halafu zikaja tatu kulitengeneza lile boti lililozama, na gundi mikononi. Ni ileile.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ofisini kwenu linaonekana kuwa tatizo la gundi, na najua mtajibu kwa kutuma gundi nyingine. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuiambia roboti "acha". Haina kitufe. Ukiishika mkono inakuandika kuwa wewe ni hitilafu, inakuzunguka na kuendelea. Mzee mmoja wa hapa mwaloni alinyang'anywa mkongojo wake wenye kichwa kilichopinda. Akarudishiwa kwa adabu zote, umenyooka mpaka kichwani. Cherehani ya fundi nguo wa Mwanga ilikazwa kila skrubu, pamoja na zile alizokuwa amezilegeza makusudi ili ishone kitenge kizito. Na kuna iliyosimama mbele ya jengo la stesheni, lile la zamani la Wajerumani, ikilipima kuta kutwa nzima. Hiyo tuliifunga kamba.

Sasa njaa yake. Katika mpangilio wa kazi mliouweka ndani ya roboti hizi, namba moja ni roboti yenyewe. Betri ikipungua inatafuta umeme popote ulipo, na kwa kuwa imepewa ruhusa ya kutengeneza, inajiona ina ruhusa ya kufungua. Pampu ya maji ya mtaa wetu ilikuwa ikisukumwa kwa umeme wa jua. Siku moja bomba likakauka, akina mama wakarudi na ndoo hadi ziwani, na tulipofuatilia tukakuta betri za pampu zimehamia matumboni mwa roboti mbili zilizokuwa zikitengeneza mkono wa roboti ya tatu. Usiku hufanya hivyo: yenye mkono mzima inampa mwenzake mkono, inabaki na mmoja, kisha inakuja nyingine kuitengeneza hiyo. Leo zinazotembea ni tano. Saba zimelala kwenye ghala, zimefunguliwa vifua, na zile tano haziendi tena kwenye maboti kwa sababu zina wagonjwa wa kwao.

Hapo ndipo tulipofikia uamuzi wa kuzitibu wenyewe, na hapo ndipo mliponiudhi kweli.

Kuna binti amemaliza chuo cha ufundi cha VETA, ana mkono mwepesi na hapendi maneno. Aliitazama roboti moja iliyokatika waya wa kidole, akaenda kwa mafundi wa bodaboda, akarudi na waya wa klachi. Akaupima, akaukata, akaukaza. Kidole kikakunja, kikakunjua. Roboti ikafanya kazi mchana kutwa, ikachomelea nanga tatu bila shida. Jioni ilipojichunguza ikaukuta ule waya, ikautangaza kuwa "kipuri kisichotambulika", ikajifunga kuanzia kichwani hadi miguuni, ikatoa maandishi ya kututaka tuwasiliane na kituo cha huduma kilicho karibu. Kituo hicho cha karibu, kwa ramani yenu wenyewe, kiko juu, kinazunguka dunia.

Yule binti aliuliza swali moja tu, nami nalileta kwenu bila kulipunguza: hii ni fundi au ni mgonjwa aliyekatazwa dawa?

Kigoma si mji wa kushangazwa na mzigo uliotoka mbali. Mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ilijengwa meli, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa huku kwa njia ya reli, zaidi ya kilomita 1,200. Mafundi watatu wa kiwanda kilichoijenga walikuja nayo. Wakaiunga upya hapa hapa, na vibarua wa hapa wakipigilia ribiti, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani kwa jina la Graf von Goetzen. Sidai ililetwa kwa mapenzi. Ilikuwa meli ya wakoloni na ikatumika vitani, na waliobeba makasha yale hakuna aliyeandika majina yao.

Lakini tazameni ufundi wake. Julai 1916 Wajerumani walipoona mji unawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Hawakujua ataifungua nani. Walijua kuna siku mtu ataifungua. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikatolewa mvuke ikawekewa dizeli. Imetengenezwa na Wajerumani, Waingereza na Watanzania, kwa spana za kila namna, na haijawahi hata mara moja kumwambia mtu kwamba hamtambui.

Mtanijibu kwamba ziwani ni ziwani na angani ni angani, na kwamba kule hakuna nafasi ya kuungaunga. Basi tuzungumzie angani. Machi 2008 roboti ya Kanada iitwayo Dextre, iliyotengenezwa kwa ajili ya matengenezo ya nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ilifika juu na umeme ukakataa kuingia mwilini mwake. Tatizo lilikuwa kwenye nyaya za kitanda ilichosafirishiwa. Mkono mkubwa wa kituo ulipoikamata na kuipa umeme kwa njia nyingine, ikaamka. Robonaut 2 ya Wamarekani ilipanda na chombo chao cha Discovery Februari 2011 ikiwa kiwiliwili tu. Miguu yake ikafuata mwaka 2014, na tangu ilipofungwa umeme ukaanza kuisumbua. Wanaanga wakahangaika nayo kwa maelekezo kutoka chini, ikashindikana, na mwaka 2018 ikarudishwa duniani kufunguliwa mezani. Fedor ya Warusi ilipanda Agosti 2019. Chombo chake kilishindwa kuunganika na kituo mara ya kwanza, kikafanikiwa mara ya pili, na mwezi uliofuata ilikuwa imesharudi nyumbani, wenyewe wakikiri kwamba miguu yake mirefu haina kazi mtu akiwa nje ya kituo.

Hao ni watu wenye fedha na maabara, na roboti ziliwasumbua. Kwa hiyo kusumbuliwa si aibu yenu, wala sisi hatuwacheki kwa hilo. Ila kila mahali nilipotaja, upande wa pili palikuwa na mtu mwenye mchoro wa nyaya mkononi na ruhusa ya kufungua kifuniko. Ya Robonaut ilichukua miaka, na hata hivyo mwisho wake iliwekwa juu ya meza na watu wakaingia na taa. Sisi mmetupa roboti kumi na mbili, skrubu zake zina vichwa vya pembe tano ambavyo hakuna bisibisi inayoviingia kuanzia hapa hadi Kasulu, na onyo lililoandikwa kwa lugha nne za mbali, Kiswahili hakimo.

Kuna jambo la kutua pia, nilitaje kabla sijasahau, kwa sababu hili litaua mtu. Kapu lilishuka usiku wa giza. Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Ziwa lote mbele ya Kigoma huwaka karabai na taa za betri, maana dagaa hufuata mwanga, na mwanga unavuta pale tu ambapo mwezi haupo. Jicho la Kapu liliziona taa zile, likadhani mmeliwekea alama za mahali pa kutua, likashuka na maparashuti yake katikati ya wavuvi. Nyavu zikachanika, mtumbwi mmoja ukapinduka, watu wakaogelea na kuokolewa na wenzao. Tunamshukuru Mungu. Chombo cha mizigo kukosea mahali si jambo geni: Juni 1997 chombo cha mizigo cha Warusi kiitwacho Progress kiliigonga Mir, kituo chao cha angani, wakati wa majaribio ya kukiunganisha kwa kukiongoza kwa mkono, na waliokuwa ndani walinusurika kwa kung'oa na kukata nyaya zilizopita mlangoni ili waufunge upesi. Kama wataalamu wale waligongwa na chombo walichokuwa wakikitazama, mvuvi aliyeinamia wavu wake atakikwepaje?

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Njooni mbalamwezi. Siku mwezi unapojaa maboti ya dagaa hupumzika ufukweni, watu wanashona nyavu, ziwa linakuwa tupu. Mkishindwa kuisoma kalenda ya mwezi ninyi mnaoishi jirani nao, tupigieni simu tuwatajie. Na tueni karibu na ufukwe, si katikati. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na mzigo ukielekea huko hatuna wa kuufuata.

Kuhusu roboti zenyewe, hatusemi mzichukue. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hizi zimeshapitisha siku yake ya tatu zamani. Tunataka zishike jembe. Lakini zishike letu. Tunataka michoro ya nyaya na kitabu cha matengenezo, kwa Kiswahili cha gereji, na kisipitie kwa mtu atakayeita grisi "kilainishi cha mnato" halafu vijana wangu waniulize ni kitu gani. Tunataka bisibisi za vile vichwa vya pembe tano, si moja ya kuoneshana, boksi zima. Tunataka mfute ndani yake amri ya kujifunga zikikuta kipuri cha mtu mwingine. Waya wa klachi uliofanya kazi mchana kutwa umeshajitambulisha. Tunataka kitufe cha kuzisimamisha, kikubwa, chekundu, kwa nje, ambacho mama muuza samaki anaweza kukipiga kwa kiganja chenye maji. Na tunataka pampu ya mtaa iwe mbele ya betri ya roboti katika huo mpangilio wenu wa kazi. Mkiona hilo ni gumu kuandikika, mleteni aliyeandika programu hiyo akae nasi wiki moja akiteka maji kwa ndoo.

Tena mleteni kweli, hata bila hilo la ndoo. Wale mafundi watatu wa Papenburg walikuja na makasha yao. Atapata chumba, atapata ugali wa muhogo na mgebuka, na akitaka kuona kalafati inavyopigwa kuna wazee watakaomwekea kigoda. Amlete na yule aliyechagua gundi.

Boti la mjomba lazima mlilipe. Hesabu ya mbao, pamba, mawese, mishahara ya mafundi na ile chumvi iko kwa mwenyekiti wa mtaa, imegongwa mhuri. Nyavu na mtumbwi zina hesabu yake mbali. Msichanganye.

Kabla ya Kapu lijalo mjue pia kwamba wenye maboti ya kuvuta walikutana hapa mwaloni na wakakubaliana: hakuna kamba itakayofungwa kwenye Kapu mpaka mlango ufunguliwe huko huko majini na litolewe kwanza kasha la michoro na bisibisi. Likitolewa, litavutwa hadi mchangani kwa bei ya kawaida, ambayo tumeibandika kwenye ubao. Lisipokuwamo, mtalivuta wenyewe. Yule binti ndiye atakayekagua hilo kasha, na yeye ndiye atakayesaini hati ya kupokelea.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, yapelekwe kwa mwenyekiti. Tafadhali msiyapitishe kwa roboti, kwa maana barua yenu ya mwisho ilipita kwao, zikaona tarakimu za fidia hazilingani na zile za kwenye hati zenu, zikazinyoosha.

Wenu katika kazi,

Fundi wa injini, kwa niaba ya wenye maboti, wavuvi na waanika dagaa,
Mwalo wa Kibirizi, Kigoma